Maili za Mwanatumu

Jioni ile Mwanatumu alinituma mafuta ya taa.

"Taa haina kitu," aliniambia kutoka jikoni. "Pita dukani kabla ya adhana, usije ukaniacha gizani."

Duka liko kona ya pili kutoka kwetu, hapo hapo Kibokoni. Mtu mwingine angekwenda kwa miguu na kurudi kabla ya uji kuchemka. Lakini mimi ni dereva wa teksi, na dereva wa teksi hatembei akiweza kukaa. Kutwa nzima kazi yangu ni kusimama mbele ya watu na kuwaambia, "Panda, bwana. Panda, mama." Nikachukua chupa, nikashuka mpaka uwanja wa mbele ya Ngome ya Yesu, ninapolaza gari langu kwa sababu vichochoro vyetu mkokoteni wenyewe hupita kwa taabu. Nikaingia. Nikawasha taa ya dashibodi.

Nikazitazama namba za maili.

Tisa. Tisa. Tisa. Sita. Tisa.

Nilijua zimekaribia, ila nilikuwa nimejizoeza kutozitazama.

Nieleze kidogo, maana wengi hupanda magari maisha yao yote wasiangalie pale. Waliobuni kidude kile waliweka vigurudumu vitano, na kila kimoja kimepigwa chapa kuanzia sufuri mpaka tisa. Cha kulia kikimaliza tisa yake humsukuma jirani, jirani naye humsukuma wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Vyote vitano vikifika tisa, basi. Hakuna cha sita cha kusukumwa. Vinapinduka kwa pamoja, sufuri tano kwa mstari, na gari lililochoka linajifanya limeshuka melini jana. Sijui kwa nini waliishia vitano. Labda waliona hakuna gari litakaloishi kufika huko.

Gari langu, Moris, liliishi. Nami sikutaka namba zipinduke.

Chini ya gari kuna waya mnene unaotoka kwenye giaboksi mpaka nyuma ya namba zile. Magurudumu yakizunguka, nao huzunguka, na ndio unaozisukuma. Umefungwa kwa nati moja tu. Nikaangaza huku na huku. Walinzi wa ngome walikuwa wakifunga lango, hakuna aliyeniangalia. Nikalala kifudifudi, nikapenyeza mkono, nikaifungua nati kwa vidole. Waya ukalegea. Nikaufunga kwa kitambaa usije ukaburuta.

Pale chini, kati ya harufu ya oili na vumbi, ikanijia harufu ya ubani.

Hapakuwa na chetezo mahali popote.

Nikajipangusa, nikaliendesha gari mpaka Mnara wa Taa kule baharini na kurudi, kulijaribu. Namba hazikusogea hata unywele. Nikacheka peke yangu, nikajiona mjanja wa Mombasa nzima. Nikanunua mafuta, nikarudi nyumbani.

Mwanatumu alikuwa ameketi chini ya ngazi, anajikanda mguu.

"Ulikwenda wapi?" akauliza.

"Dukani."

"Mbona nimechoka miye?" Akanitazama kwa mshangao. "Nilikuwa nimesimama jikoni. Mara nikaona bahari... na mnara ule wa taa. Kisha miguu ikanivunjika."

Nikamwambia ni joto. Nikatia mafuta kwenye taa.

*

Sasa lazima niseme kwa nini niliogopa sufuri.

Mwaka wa pili tangu uhuru, Mwanatumu aliharibikiwa na mimba, na baada ya hapo akawa si yeye. Halali usiku, hali chakula. Akiguswa hulia. Baba yangu, Mwalimu Muhdhar, alimsomea Yasini siku nyingi, na Mungu anajua alisoma kwa moyo. Haikusaidia. Mwisho shangazi yake Mwanatumu akaniita pembeni, akaninong'oneza kwamba mtoto wao ana pepo, na kwamba yuko mjuzi wa mambo hayo kule Majengo, Bi Mejumaa.

Nilijua baba atasema nini. Mtu mzima yule amefundisha nusu ya watoto wa Mji wa Kale kusoma Kurani, na hadharani alikuwa akisema kwamba nyumba ya ngoma ya pepo si nyumba ya mwanawe. Kwa hiyo Bi Mejumaa aliletwa kwa siri, baba akiwa msikitini. Akamfunika Mwanatumu shuka nyeupe. Akafukiza ubani. Akaimba polepole, mdomo umefumba.

Shuka ikatulia. Kisha ikazungumza.

"Nimekaa kwenye kiti hiki," ilisema sauti ya mwanamume mzee, maana pepo humwita kiti mtu aliyempanda, "wala hakuna anayenisalimu."

"Masalkheri, mkuu," akasema Bi Mejumaa bila kushtuka. "Sema wataka nini."

"Nataka ngoma yangu. Siku saba. Nipigiwe wazi, mlango u wazi."

Wanaojua wanajua kwamba pepo huombwa muda. Mtu husema, tuvumilie mpaka mfungo uishe, mpaka mahindi yavunwe, na pepo akikubali humwachia mgonjwa apumzike hadi siku hiyo. Bi Mejumaa alinigeukia. Mimi ndiye mume, mimi ndiye wa kutaja muda.

Mlango wazi! Siku saba! Ningeuweka wapi uso wangu mbele ya baba? Nikafikiri haraka haraka, na ulimi wangu wa teksi ukanitangulia.

"Gari langu," nikasema. "Namba zake zikirudi sufuri, nitakupigia ngoma."

Wakati ule namba zilikuwa mbali. Nikaona kabla hazijafika nitakuwa nimeliuza, au limekufa, au pepo amesahau. Bi Mejumaa alinikodolea macho. Hakuwa amesikia muda wa namna hiyo tangu azaliwe.

"Nionyeshe," ilisema shuka.

Tukamtoa, tukamteremsha mpaka uwanjani, amefunikwa gubigubi kama bibi harusi. Ilikuwa magharibi, watu wako misikitini. Nikamfungulia mlango. Akatoa kidole chini ya shuka, akakigusa kioo cha namba, akakizungusha taratibu.

"Kila maili itahesabiwa hapa?"

"Kila maili."

"Na isiyohesabiwa?"

Nilicheka. Wallahi nilicheka. Nilidhani namzungusha kama ninavyowazungusha abiria wa gati.

"Isiyohesabiwa hapo, ihesabu mwenyewe utakavyo."

Kidole kikarudi chini ya shuka.

"Haya," ilisema ile sauti. "Nimekubali."

Mwanatumu alilala usiku ule mpaka alfajiri. Akaamka mzima, anaomba chai. Akanona, akarudi kuimba jikoni, akawa ananitania kwamba nalipenda gari kuliko yeye. Hakukumbuka chochote cha jioni ile, nami sikumwambia. Tulikaa hivyo miezi mingi mizuri. Kila nikiona namba zinasogea, najiambia bado.

*

Baada ya kuufungua ule waya mambo hayakwenda mbio. Yalikuja kidogo kidogo, na ndiyo maana nilipata nafasi ya kujidanganya.

Siku za kazi za mjini, za kupeleka watu Ganjoni na gatini na kuwarudisha, Mwanatumu alikuwa akichoka tu. Ananiambia nyayo zinawaka. Siku moja nikapata abiria wa Malindi. Niliporudi nilimkuta kalala ukumbini, viatu viko miguuni, soli zimetoboka.

"Nimeota kivuko," alisema. "Nimeota ndia ndefu, minazi huku na huku. Watu wanipita kwa magari wala hawasimami." Akanishika mkono. "Bwana, mtu aweza kuota mpaka viatu vikalika?"

Nikamnunulia viatu vipya. Hilo ndilo nililofanya. Nilikuwa nimeelewa, mwili mzima ulikuwa umeelewa, nami nikaenda duka la viatu nikachagua vyekundu.

Ningeweza siku ile ile kulala chini ya gari na kuurudisha waya. Nati moja. Lakini kila nikiinama namwona baba kwenye mlango wa msikiti, watu wanampa mkono huku wanatazamana. Nikajiambia, nitaacha safari za mbali. Nikaziacha.

Mpaka akaja Benard.

Benard alikuwa karani wa reli, Mluhya, mpole, jirani yetu wa kijiwe cha teksi. Alikuja asubuhi anahema, tai iko upande. Mkewe, Nasipwondi, alikuwa amekwenda Voi kwa dadake, na simu imefika kwamba uchungu umemshika na hali si nzuri. Treni imekwisha ondoka.

"Sheikhan, ndugu yangu," alisema. "Nipeleke. Nakuomba kwa Mungu wako na wangu."

Voi! Nilifungua mdomo nikatae. Nikamwona ameshashika mlango kwa mikono miwili. Nikasema, "Panda."

Wala sikurudisha waya. Nilijiambia hakuna wakati.

Tulipita Makupa, tukapita Miritini. Baada ya Mazeras nikamwona mwanamke mbele yetu, pembeni mwa barabara, amevaa buibui, anatembea upande tuendao. Anatembea haraka, kichwa ameinamisha. Tukampita.

Baada ya Mariakani, mwanamke mwenye buibui. Pembeni mwa barabara. Anatembea haraka.

Nikazungumza na Benard habari za mvua.

Tulipoacha Samburu lami ilikuwa imekwisha zamani, vumbi jekundu limejaa mpaka kwenye meno. Benard akasogea mbele, akaegemea kiti changu.

"Dereva... yule mama."

"Mama yupi?"

"Yule. Si tulimpita kule Mariakani?" Sauti yake ilishuka. "Mbona yuko mbele yetu?"

"Wanawake wa pwani wote huvaa nguo moja," nikasema.

Tulipokuwa tukimpita, alinyanyua mkono. Si wa kupunga. Mkono wa mtu anayesimamisha gari. Nikakanyaga mafuta. Miguuni mwake niliona kitu chekundu, nikajilazimisha kuamini ni vumbi.

Nikamfikisha Benard Voi. Alipoteremka alinishukuru, akanitazama kitambo. "Ukirudi," alisema polepole, "usipite njia ile jioni." Njia ni moja. Yeye mwenyewe alijua.

*

Niligeuza papo hapo, hata maji sikunywa. Nilikimbiza gari kama mwizi. Nilitaka kufika Makupa mchana, lakini tairi likanipasukia karibu na Makinoni, na nilipomaliza kulibadilisha jua lilikuwa limeshaelekea kuzama.

Nilimkuta yule mama Maji ya Chumvi, sijafika Mariakani.

Safari hii hakuwa anatembea. Alikuwa amesimama pembeni, kimya, buibui limekuwa jekundu kwa vumbi mpaka kiunoni. Nami nilikuwa nimechoka kuogopa. Nikasimamisha gari. Injini ikakohoa, ikazima.

Hakukuwa na ndege. Hakukuwa na upepo. Harufu ya ubani... nzito, kama chetezo kiko kiti cha nyuma.

"Mwanatumu?"

Akainua uso. Alikuwa ni yeye. Midomo imepasuka, macho yamezama. Kiatu kimoja chekundu mguuni, cha pili mkononi.

"Bwana," alinong'ona. "Bado mbali?"

Nililia. Nikasema maneno mengi ambayo siyakumbuki, kwamba nisamehe, kwamba nimekuua, kwamba natengeneza sasa hivi. Maana mimi nilikuwa nimekwisha kupata dawa kichwani. Waya! Waya ukirudi, maili zitahesabiwa mahali pake, naye hatatembea tena. Nikachukua kitambaa, nikapiga magoti.

Akaweka mkono kwenye kitasa cha mlango wa nyuma.

"Nipande?" akauliza.

"Ngoja," nikamwambia. "Ngoja hapo hapo. Nimalize huku kwanza."

Nikaingia chini ya gari. Bomba la moshi likanichoma mkono, sikujali. Niliuona mwanya kati ya gari na ardhi, na katika mwanya huo nikaiona miguu yake, kando ya gurudumu la nyuma. Ilikuwa imesimama imara. Inangoja. Nikaushika waya, nikatafuta tundu lake, nikaanza kuikaza nati. Nikakaza. Nikakaza.

Nilipogeuza uso tena, miguu haikuwapo.

Nikatoka. Barabara tupu mbele, tupu nyuma. Kwenye vumbi la mlango, alama ya vidole vinne.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema, amekwenda nyumbani. Amefunguliwa. Nikawasha gari, na namba zikaanza kuzunguka tena, nami nikawa nazitazama kwa upendo. Nilipofika daraja la Makupa, taa za kisiwa zinawaka, vigurudumu vyote vitano vikanyanyuka kwa pamoja, vikasita kidogo, vikapinduka. Tik.

Sufuri. Sufuri. Sufuri. Sufuri. Sufuri.

"Nitakupigia ngoma yako," nikasema kwa sauti. "Nimeshindwa. Nitakupigia."

Nyumbani nilimkuta Mwanatumu ameketi ukumbini, gizani, mikono mapajani. Nikawasha taa mwenyewe. Nikashika nyayo zake, nikazitazama. Laini, safi, hazina hata mchubuko. Nikazibusu.

"Mbona hukuwasha taa?" nikauliza.

"Ya nini?" akasema.

*

Ngoma ilipigwa siku saba, mlango wazi, kama ilivyoahidiwa. Mji wa Kale wote ulisikia. Siku ya kwanza baba alikuja, akasimama kwenye kichochoro, bakora mkononi. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Hakuitikia. Aliitazama nyumba, akanitazama mimi, machozi yamemlengalenga, akaondoka. Tangu siku hiyo hajapita mtaa wetu. Nilikuwa nimeogopa jambo hilo kuliko yote, na lilipofika lilikuwa dogo mno kuliko lililokuwa limeshanifika.

Siku ya mwisho, ngoma imepoa, ile sauti ya mzee ikasema kutoka chini ya shuka:

"Umetimiza. Mimi na wewe tumemaliza. Nakwenda zangu."

Nikasogea kwa magoti. "Na mke wangu, mkuu?"

"Yupi?"

Shuka ikaanguka. Mwanatumu alikuwa ameketi vile vile, mikono mapajani, anatazama ukuta.

Bi Mejumaa alinivuta uani. Alikuwa amemwangalia Mwanatumu siku zote saba na hakupendezwa. Akanitaka nimweleze kila kitu, tangu nati mpaka Makupa. Nikamweleza. Nilipofika kwenye kitasa cha mlango alinishika bega.

"Rudia hapo. Alikuuliza nini?"

"Aliuliza apande."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nilimwambia angoje."

Bi Mejumaa akajishika kichwa kwa mikono miwili. Akakaa juu ya kinu.

"Basi yuwangoja, mwanangu," alisema. "Huyu ulo naye ndani ni nyumba tupu. Mwenye nyumba umemwacha ndiani."

"Mwite pepo, amrudishe!"

"Pepo gani? Umemlipa, amekwenda. Hakuna tena wa kumsemesha."

Mtu aliyeshikwa na jambo kama hili hana aibu tena. Nililijua gari langu: likirudi nyuma, na namba hurudi nyuma. Basi nikaliendesha kinyumenyume, kutoka uwanja wa ngome mpaka Makupa, jioni, shingo nimeipinda, watu wananizomea, askari mmoja ananipigia firimbi. Sufuri zikarudi tisa, zote tano. Nikazima gari nikasikiliza. Nikasema niko tayari kwa muda mpya, kwa sharti lolote. Hapakuwa na harufu wala sauti. Nikaufungua waya tena, nikaenda, nikarudi. Mwanatumu hakuchoka. Hakuchoka hata kidogo.

Yupo. Anapika, anafua, ukimsalimu anaitikia. Haimbi. Hanitanii. Akishika chakula cha moto haungui, au hajui kwamba anaungua. Jua likizama haoni haja ya taa. Jirani zetu wananiambia nimshukuru Mungu, mke wangu ametulia.

Kwa hiyo kila nikipata nafasi nakwenda Maji ya Chumvi. Nafika magharibi. Nazima gari pale pale, nafungua mlango wa nyuma, naita jina lake. Nangoja mpaka siwezi tena kuiona mikono yangu. Kisha naufunga mlango taratibu, kama vile kuna mtu ameingia, nami narudi nikijitahidi kutotazama kioo. Nikifika nyumbani yeye husimama juu ya ngazi, hutazama nyuma yangu, na huuliza swali moja tu.

"Hukunipata?"

Nami hujibu kwamba sikumpata.

*

Jana nilimjibu hivyo hivyo. Lakini jana sikuweza kuishia hapo. Nilikaa kwenye ngazi, funguo mkononi, nikalia kama mtoto.

"Nimesimama, Mwanatumu. Nimefungua mlango. Nimekuita mpaka sauti imekauka. Kwa nini huji?"

Akashuka ngazi. Akaketi karibu nami, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ngoma.

"Nakuona ukiya," alisema polepole. "Kila ukiya nakuona. Nasimama papo hapo mlangoni. Wafungua mlango. Waniita jina." Akaniangalia usoni. "Lakini hujaniambia nipande. Uliniambia ningoje, nami nangoja unambie."

Kutwa nzima nawaambia watu wasionihusu! Nawaambia makarani, mabaharia, wanawake wenye vikapu vya samaki. Neno moja. Niliruka, funguo zikanianguka, nikaziokota. Nikajiambia, nitakuwa Maji ya Chumvi kabla ya usiku wa manane. Nitalisema kabla gari halijasimama.

Akanishika kanzu.

"Sasa usende," alisema.

"Kwa nini?"

"Leo ulipokwisha kuondoka, imekuya gari nyengine." Alikuwa akinong'ona, macho yake hayapo kwangu, yako mbali mbele. "Amefungua mlango. Ameniambia, panda, mama. Nilikuwa nimechoka, bwana."

Nikainama, nikamshika mabega.

"Nani? Mwanatumu, ni nani?"

"Sijamuona uso. Naona mgongo." Akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza injini. "Naona na namba zake. Zote sufuri. Twenda, twenda, nazo hazizunguki."

Taa haikuwa imewashwa. Nilipiga magoti pale kwenye ngazi, nikamshika miguu kwa mikono yote miwili nimzuie. Ilikuwa ikitetemeka, mtetemo mdogo usiokatika, kama ya mtu aliyeketi ndani ya gari linalokwenda.